Kabla ya kuwapeleka washindi wa mauzo Mafia

Kila ifikapo Mei, simu za aina moja huanza kuingia. Msambazaji wa vinywaji, kampuni nyingine za biashara: wanafunga hesabu Juni 30, wamewaahidi mawakala wao bora safari ya ufukweni, na wamechoka na Zanzibar. Wanataka mahali ambapo mshindi hajawahi kufikishwa na harusi ya binamu yake. Mazungumzo yakiendelea kidogo, jina linalotajwa ni Mafia.

Nawajibu kwamba Mafia ni chaguo zuri, kisha nauliza mnakwenda lini, mko wangapi, na nani kati yenu anajua kuogelea. Hapo ndipo simu hupoa.

Kisiwa kiko mbele ya delta ya Rufiji, katika Mkoa wa Pwani (hata wakurugenzi hulazimika kukumbushwa kwamba si sehemu ya Zanzibar), na kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa nusu saa na ushei. Nusu saa hiyo ndiyo inayowadanganya wapangaji. Wanadhani mahali palipo karibu kiasi hicho pataendeshwa kwa mazoea ya Dar: ukumbi mkubwa, basi la watu hamsini, ratiba iliyochapwa na kutiwa nembo ya kampuni. Mafia haina vitu hivyo. Ina ndege ndogo, hoteli ndogo, maji yanayojaa na kupwa kwa kishindo, na pepo mbili zilizopanga safari za pwani hii kabla kampuni yoyote haijasajiliwa. Kwa safari ya motisha mahali pa namna hii bahari hutangulia. Bajeti na hotuba zifuate. Wengi hufanya kinyume, na pesa nyingi hupotelea hapo.

Tuanze na upepo. Kusi huanza kuvuma Aprili, hushika nguvu Juni hadi Agosti, na kulegea kuelekea Oktoba. Kaskazi hutawala Desemba hadi Machi. Katikati kuna tangambili, wakati upepo haujaamua uelekee wapi na bahari mara nyingi hutulia. Masika, tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei, hoteli kadhaa hufunga kabisa. Sasa tazama kalenda ya fedha. Kampuni inayofunga hesabu Juni hutangaza washindi Julai na kutaka kuondoka Julai hiyo hiyo au Agosti, kabla furaha haijapoa. Ndiyo miezi ya kusi kali. MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, bahari ikiwa imechafuka. Anayependekeza kuwavusha washindi sitini kwa boti ya kukodi mwezi kama huo ili aokoe nauli za ndege, aikumbuke tarehe hiyo.

Simaanishi kwamba Julai haifai kwa lolote. Ghuba ya Chole imekingwa na visiwa vya Juani na Jibondo pamoja na miamba, hivyo ndani yake watu huogelea na kupiga mbizi mwaka mzima. Huo pia ndio msimu wa kuona watoto wa kasa wakianguliwa katika fukwe za Juani, na nyangumi hupita pwani hii wakati wa kusi. Kikundi kidogo kitakachokwenda kwa ndege na kubaki ndani ya ghuba kitafurahi. Ila hiyo ni safari nyingine kabisa na ile iliyomo kwenye vichwa vya wakurugenzi, ya maji yaliyotulia kama kioo na samaki mkubwa mwenye madoa.

Kampuni zinazofunga hesabu Desemba ndizo zenye bahati. Zinatangaza Januari na kuondoka Februari, kaskazi ikivuma. Lakini siku hizi Ramadhani imeingia katika miezi hiyo: mwaka 2026 iliangukia kati ya Februari na Machi, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari. Mafia kwa sehemu kubwa ni kisiwa cha Waislamu. Nahodha aliyefunga ataendesha boti yako juani saa saba mchana bila kulalamika, na mpishi atakuandalia chakula cha mchana asichoweza kukionja. Hata hivyo kuwaletea disko wakati wa tarawehe ni utovu wa adabu, na mgeni mwenye macho ataiona aibu hiyo kabla yenu. Iwapo Februari ina mfungo, nendeni Januari.

Wale wa Juni nawashauri wasubiri. Tangazeni Julai, mwondoke Novemba. Kuna meneja mmoja wa mauzo aliyenipinga kwa nguvu, akisema tuzo inayochelewa miezi minne imekufa. Nadhani amekosea. Katika miezi hiyo minne mshindi hununua kofia, humwambia jirani, huulizwa kazini kila wiki, "Lini tena?" Safari inaanza kufanya kazi yake kabla ndege haijaruka, na muda huo kampuni hailipi hata shilingi.

Baada ya upepo, maji. Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndipo mipango mingi iliyoandikwa kwa ustadi huvunjikia. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za katikati ni maji mafu, tofauti inapokuwa ndogo. Hayo kila mtu wa pwani anayajua. Asichokijua mtu wa ofisini ni kwamba saa za bamvua hapa kwetu karibu hazibadiliki: maji hujaa alfajiri na alasiri, mnamo saa kumi, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa asubuhi hiyo ya saa nne. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ratiba ya Ijumaa haifai kunakiliwa Jumamosi.

Kitengo cha masoko, bila kumuuliza mtu, huchagua mbalamwezi. Wanataka picha: meza ndefu juu ya fungu la mchanga, taa za chemli, mwezi mpevu, washindi wamevaa nyeupe. Mwezi mpevu maana yake ni bamvua. Bamvua maana yake ni kwamba saa nne asubuhi, ratiba inaposema "Kupanda boti, Utende" (kijiji cha ufukoni mwa ghuba), boti zimelala ubavu juu ya majani ya bahari. Nimeona mkurugenzi mzima, suruali imekunjwa magotini na viatu mkononi, akitembea ndani ya tope la kijivu kuifuata boti iliyokuwa mbali, huku kina mama waliotoka kutafuta pweza wakipishana naye kwa heshima na kicheko cha pembeni. Mshereheshaji naye alikuwa amebeba spika kichwani. Usiku wake mambo yaligeuzwa: chakula kilichelewa, hotuba zikarefuka, na ilipofika saa nne ya usiku boti zilizowaleta kwenye fungu zilikuwa zimekaa mchangani. Wakasubiri maji yarudi. Nahodha alikuwa amewaonya tangu mchana. Aliambiwa ratiba imeshaidhinishwa.

Chakula cha mbalamwezi kinawezekana, tena kizuri, mradi saa zipangwe na nahodha. Siku hiyo safari za ghuba zianze saa saba mchana maji yakijaa, watu warudi kabla ya magharibi, chakula kiliwe mapema, na boti ziwe zimeondoka funguni kabla ya saa tatu. Anayetaka asubuhi ndefu za baharini achague wiki ya maji mafu na asamehe mwezi. Vyote viwili kwa pamoja havipatikani, hata kwa bajeti ya benki.

Nije kwenye idadi. Ndege nyingi zinazokwenda Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, ni za aina ya Cessna Caravan, abiria kumi na wawili au kumi na watatu, mzigo wa kilo 15 kwa mtu katika begi laini. Washindi sitini ni ndege tano, na kabla hujazipata zote tano kwa asubuhi moja utakuwa umewapigia magoti watu wengi. Mabango, spika na tuzo za vioo havimo katika kilo 15. Hivyo vitangulie kwa barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kwa kivuko, vikiwa na mtu wa kuvipokea, siku kadhaa kabla. Hoteli nyingi za Utende na Kilindoni hazifikishi vyumba ishirini. Watu sitini watagawanywa katika hoteli tatu au nne zenye hadhi tofauti, na kufikia jioni ya kwanza kila mtu atakuwa ameshajua nani kapewa kibanda kinachotazama bahari na nani kapewa feni inayolia. Umewaleta kuwatuza, umewapangia madaraja upya.

Kwa maoni yangu Mafia ni ya watu ishirini na wanne au pungufu: ndege mbili, hoteli moja au mbili zinazolingana. Ukizidi arobaini, nenda Diani, Mombasa au Zanzibar, penye hoteli zilizojengwa kwa kazi hiyo, na usione haya. Katikati ya hapo kuna njia ya kuwapeleka kwa mafungu, wiki tofauti, lakini itamgharimu mwandalizi usingizi. Na tukiwa kwenye ndege, jambo moja lisilohitaji mjadala: mkurugenzi mkuu, mkurugenzi wa fedha na mkuu wa mauzo wasipande ndege moja.

Idadi hiyo ndogo inaanza kubana tangu siku ya kuandika masharti ya ushindi. Ukiahidi kwamba kila atakayefikia lengo ataenda, mwaka mzuri unaweza kukuletea washindi hamsini na viti ishirini na vinne. Ukiahidi nafasi kwa wa kwanza hadi wa ishirini, watu wa katikati hukata tamaa mapema na wale wale wa mwaka jana huenda tena. Ninachopendekeza ni lengo linalofikika, nafasi chache zitengwe kwa walioongeza zaidi kuliko mwaka uliopita, na nafasi mbili tatu kwa wasiouza: mtunza stoo, dereva, mhasibu aliyekesha kufunga hesabu hizo. Wauzaji watanung'unika kidogo. Waache.

Kuna swali ambalo wafanyakazi huulizana kwenye ngazi na mabosi hawalisikii: kwa nini wasitupe hizo pesa mkononi? Ni swali la haki. Januari ni mwezi wa ada za shule, sare na madaftari, na mtu anayepelekwa kula kamba kochi Mafia wakati mwanawe karudishwa nyumbani kwa ada hana motisha yoyote. Ana hasira yenye picha nzuri. Frederick Herzberg na wenzake, katika kitabu chao cha 1959 kuhusu motisha ya kazi, walitenganisha mambo ambayo yakikosekana humkera mtu, kama mshahara na mazingira ya kazi, na yale yanayomsukuma kujituma, kama kufanikiwa na kutambuliwa. Uchambuzi huo umepingwa na wengi tangu hapo, lakini kwa hili unasaidia: safari ni ya kundi la pili na haiwezi kufidia la kwanza. Kampuni inayochelewesha mishahara au kamisheni isimpeleke mtu popote. Ilipe kwanza.

Yaliyo ya kwanza yakiwa sawa, safari huifanya kazi ambayo fedha taslimu haziwezi. Fedha huingia katika ada, kodi na saruji, zikasahaulika, na ni haki yake mtu kuzitumia hivyo. Safari hubaki na jina la kampuni kwa miaka. Lakini isimtoe mshindi hata senti. Mpe posho ya mfukoni. Lipia usafiri wake kutoka Mwanza au Mbeya hadi Dar na kitanda cha usiku ule. Na kama bajeti inaruhusu, mwalike na mwenzi wake: yule aliyevumilia mwaka mzima wa simu za wateja usiku ana sehemu katika ushindi huo.

Halafu kuogelea. Wapangaji wengi hawaulizi, kwa sababu mabango ya utalii yameshawajibu. Ukweli ni kwamba wengi wa wafanyakazi wa ofisi zetu, pamoja na waliozaliwa mita mia moja kutoka baharini, hawajui kuogelea, na hawatasema hivyo mbele ya bosi. Fomu ya siri iulize: unajua kuogelea? Unaogopa boti? Una mimba, kisukari, shinikizo la damu, dawa unazotumia? Una vazi ambalo ungependa kubaki nalo majini? Majibu ndiyo yaandike ratiba. Kwa wasioingia majini Mafia ina mengi: magofu ya mji wa Kua kule Juani (nako boti hufika vizuri maji yakiwa yamejaa), popo wakubwa wa Chole wanaoning'inia mchana kutwa mtini, mafundi wa kuunda mashua. Kuna pia historia ya vita: Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na kutoka kisiwani ndege zao ziliipeleleza meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg iliyojificha Rufiji hadi ikaangamizwa Julai mwaka huo. Mpe mwenyeji anayejua kusimulia saa moja, na wasioogelea watarudi na hadithi nyingi kuliko waliolowa.

Waliolowa wamekuja kwa ajili ya papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na madhara kwa mtu. Huonekana upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, karibu na ufuko kabisa, akila viumbe wadogo wa majini palepale wavuvi wanapotega nyavu zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye potwe wenyewe, ulionyesha kwamba wengi hawahami: nje ya msimu hukaa mbali kidogo na ufuko na kwenye kina zaidi, ndiyo maana hawaonekani. Hii ina maana kwa mpangaji. Usichape picha ya potwe kwenye kadi ya mwaliko. Andika "tutajaribu kuonana na potwe", weka asubuhi mbili badala ya moja, na iache siku moja ya safari bila kitu chochote ili iwe akiba ya hali ya hewa. Na mwongozaji akisema msimguse, msimzibie njia, wala msiruke wote kwa pamoja, hiyo ni sheria ya kazi, mkuu wa mauzo akiwa wa kwanza kuitii.

Usalama nitaupitia kwa haraka kwa sababu hauna mjadala. Omba kuona cheti cha ukaguzi cha TASAC, mdhibiti wa usafiri wa majini, cha kila chombo, ukisome, ulinganishe idadi ya watu iliyoandikwa na idadi ya watu wako. MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 karibu na Nungwi, ilikuwa imejaza abiria kupita uwezo wake. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, asilikalie. Waliopiga mbizi kwa mtungi zaidi ya mara moja wasubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo siku ya mwisho ni ya nchi kavu. Kata bima, na ujiunge na huduma ya ndege ya wagonjwa kama AMREF Flying Doctors kabla ya kuondoka. Uliza hospitali ya wilaya ya Kilindoni inaweza nini na haiwezi nini.

Eneo la kusini la kisiwa, pamoja na ghuba, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Kiingilio hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, na raia na mgeni hawalipi sawa; kusanya nakala za vitambulisho mapema ili msikwame getini mkiwa njiani kwenda Utende. Ndani ya hifadhi kuna vijiji, na watu wake ndio wanaobeba masharti ya uvuvi ili wageni wapate miamba hai ya kutazama. Nunua pweza, samaki na nazi kwao. Kodi boti zao. Mikeka ya ukili ya wanawake wa kisiwani ni zawadi nzuri kuliko vikombe vyenye nembo vilivyotoka ng'ambo, na inaingia ndani ya kilo 15.

Limebaki la ratiba yenyewe. Nimeona safari za motisha zenye mawasilisho ya robo ya nne ya mwaka asubuhi, warsha ya malengo mapya mchana, na bahari ikipewa saa mbili za jioni. Hiyo ni semina iliyovaa kaptula. Mtu alishinda kwa kufanya kazi. Usimlipe kwa kazi nyingine. Mkurugenzi mkuu apewe dakika kumi usiku mmoja, asimame, amtaje kila mshindi kwa jina na kwa jambo alilolifanya, kisha akae. Baada ya hapo waacheni watu walale, waogelee, wacheze bao na nahodha.

Wewe unayepanga sasa hivi, fanya hivi: tafuta jedwali la maji la Dar es Salaam la mwezi unaoutaka, weka alama siku za bamvua na za maji mafu, ondoa siku za mfungo, kisha mpigie nahodha wa Utende kabla hujampigia meneja wa hoteli. Akikwambia wiki hiyo haifai, badilisha wiki. Na kama bodi imeshaamua kwamba ni Agosti, watu themanini na ukumbi wenye projekta, usiwapeleke Mafia. Wapeleke Mombasa.